Maziwa Yaliyonikataa

Huku kwetu mwanamke akishasemekana ana mkono mbaya, amekwisha. Hakuna anayemwambia usoni. Wanaambiana wao kwa wao wakimenya viazi, naye anakuja kugundua siku anapofika kwenye sherehe kusaidia kazi, akakuta kila sufuria anayoiendea imeshashikwa na mtu mwingine. "Keti tu, mama, pumzika, umetoka mbali." Mbali gani, na nyumba yangu inaonekana kutoka hapo! Wanasema kuna mikono ambayo maziwa huikataa. Ukishatajwa hivyo, hata chai unayopika inanywewa kwa kusitasita.

Mimi nilitajwa hivyo, na walioniponza ni watu wa nyumba yangu. Nitaeleza ilivyokuwa. Nitaeleza kwa hasira, maana namna nyingine bado sijaipata.

Mimi si mzaliwa wa Sosiot. Wazazi wangu walitoka milima ya Gusii wakaja kuchuma majani chai kwenye shamba moja kubwa upande wa Kericho, nami nikazaliwa laini, kwenye zile nyumba za wafanyakazi zilizofuatana ukuta kwa ukuta. Nilisoma nikapata diploma ya mambo ya maziwa. Kisha nikaolewa na Mkipsigis, mwalimu wa historia, mtu mpole anayejipigia pasi suruali zake mwenyewe. Dada zangu walinicheka. Walisema mama mkwe atanitumikisha mpaka nirudi laini nikilia. Wapi! Yule mama alinipokea kwa mikono miwili. Nilipojifungua mtoto wa kwanza alinikanda kwa maji moto, akanilisha uji, akanifulia nguo ambazo hata mama yangu mzazi angezitazama kwanza kabla ya kuzigusa. Nilimpenda. Naomba hilo lieleweke: nilimpenda yule mama kuliko nilivyompenda mwanawe, angalau mwanzoni.

Ndiye aliyenifundisha mursik, maziwa ya kibuyu. Unachukua kijiti cha mti wa senetwet, unakichoma mpaka kiwe kaa jekundu, unakisugua ndani ya kibuyu mpaka kuta zote zipakwe mkaa laini. Maziwa yanachemshwa, yanaachwa yapoe, ndipo yanamiminwa juu ya masalio ya yale ya zamani. Masalio hayo ndiyo mbegu. Kibuyu chake kikuu alikuwa amepewa na mama yake siku ya kuolewa, na mbegu iliyokuwemo haikuwahi kukatika. Kila mara alibakiza kidogo, hata nyumba ikiwa na njaa.

Ndani ya masalio yale mnaishi umati. Niliwahi kuyatazama kwa hadubini nikabaki mdomo wazi. Kulikuwa na bakteria wa mviringo walioshikana kama shanga, wengine vijiti virefu, na chachu kubwa kubwa katikati yao. Wote wanakula sukari ya maziwa na kutoa uchachu, na uchachu huo unafukuza wageni waharibifu. Tena wana silaha, msione wadogo. Ukoo mmoja wa bakteria hutengeneza sumu ya kumuua jirani anayegombania chakula nao, na wenyewe hubeba kinga ya sumu hiyo wasije wakajiua. Asiye na kinga anakufa, hata kama ni binamu yao. Ndiyo maana mursik hukaa muda mrefu bila kuoza. Walio ndani wameshapigana wakazoeana, na anayejaribu kuingia hapati nafasi.

Wanawake wa Sosiot tulipounda kikundi cha kutengeneza mala, yaani maziwa ya mgando, ya kuuza, wengi walitaka tununue mbegu ya unga, ile ya pakiti kutoka kiwandani. Nikawaambia, jamani, hazina tunayo nyumbani. Nikamwendea mama mkwe nikamwomba. Alifikiri siku kadhaa, kisha akaja mwenyewe na kile kibuyu kikuu, akamimina chote kwenye mtungi wetu wa chuma mpaka tone la mwisho. Nilimwambia kikombe kimoja kingetosha, kingine kibaki nyumbani. Alicheka.

"Aa, binti yangu. Ukiigawa inakosa nguvu, halafu zinakufa zote mbili. Mama yangu aliniambia hivyo."

"Mama, hawa wanazaana. Hawapungui."

"Hiyo ni ya shule," akasema, akaenda kukitundika kibuyu kitupu ukutani kwake. Mimi nilichoona pale ni ukarimu tu.

Kikundi kikanipa kazi ya kutunza mbegu. Kila asubuhi nilichota maziwa ya jana nikayatia kwenye ya leo, na mtungi wa mbegu nikaufungia kwenye chumba cha baridi. Funguo zilikuwa mbili. Mmoja wangu, mwingine tulimpa mama kwa heshima, kwa sababu alipenda kuja kuonja kabla ya mtu yeyote. Mwenyekiti wetu, mama mwenye duka ambaye wazazi wake walihamia hapa kutoka sehemu za Kati, alikuwa akinitambulisha kwa wageni: "Huyu ndiye mwenye mkono wa maziwa." Mimi, binti wa laini! Wanawake walioniita mgeni kwa miaka sasa walikuja kwangu kuomba mala ya mgonjwa, mala ya mzazi, mala ya mtoto aliyekataa kula. Kazi haikuwa na cheo, lakini ndiyo iliyonifanya mtu wa hapa. Nilijua wazi kwamba mbegu ile ikifia mikononi mwangu, nitarudi kuwa mgeni siku hiyohiyo.

Mama alikuwa na binti mmoja, wifi yangu, aliyeolewa Kaplong. Mwaka uliopita ndoa yake ilivunjika, akaanza kuuza mala karibu na hospitali ya misheni ili watoto wale. Haikumwendea vizuri. Alitumia mbegu ya pakiti, na mala yake ilikuwa nyepesi, watu wakionja hawarudi. Mama alimwaza sana. Alikuwa akikaa jikoni kwangu na kikombe kimepoa mkononi, anasema, "Mtoto wangu anateseka," nami namwambia tutamsaidia, Mungu yupo. Nilimaanisha.

Kisha mala yetu ikaanza kubadilika. Kwanza ladha tu. Ilikuwa na uchachu wa kawaida tu, haina ile harufu ya kibuyu inayobaki puani. Nilimuuliza mama kama anaiona tofauti. Akalamba kijiko, akaniambia, "Ni tamu sana, mbona?" Nikajilaumu kwamba nimepata mafua. Baada ya majuma machache ikaanza kuchelewa kuganda. Kilichokuwa tayari adhuhuri kikawa bado jioni. Halafu asubuhi moja nikafunua pipa nikakuta maziwa yamelala pale majimaji, kama tulivyoyaacha, na harufu mbaya inaanza kunyanyuka.

"Ngai!" mwenyekiti akashika kichwa. "Maziwa yote haya?"

Tulimwaga. Wanawake walikuwa wamekamua kabla ya jua, wakayabeba kwenye utelezi mpaka kwetu, nasi tukayamwaga nyuma ya nyumba huku mbwa wa jirani wakilamba. Kesho yake, hivyo hivyo. Keshokutwa tukamwaga tena, na safari hii hakuna aliyepiga kelele. Walinitazama tu.

Nilishuku dawa kwanza. Mtu anamdunga ng'ombe dawa ya kiwele leo, badala ya kumwaga maziwa anayaleta kwa kikundi, na ile dawa inaua bakteria wetu. Lakini nilichukua maziwa yaleyale, nikatia kijiko cha mala ya dukani, nikaacha juani kwenye chupa. Jioni yalikuwa yameganda vizuri. Basi maziwa hayakuwa na kosa. Mgonjwa alikuwa mbegu.

Ukaitishwa mkutano. Mmoja akasema labda mtungi haukuoshwa vizuri. Mwingine akasema, bila kunitazama, kwamba tangu zamani kuna mikono ambayo maziwa huikataa, na mtu halaumiwi, ni kuzaliwa tu.  Mwenyekiti akamgeukia mama, ambaye wote humwita Kogo, yaani bibi.

"Kogo, wewe ndiye mwenye mbegu. Unaonaje?"

Moyo wangu ukatulia. Nilijua sasa nitatetewa. Mama akavuta leso yake mabegani, akaangalia chini.

"Mimi sijui mambo ya shule," akasema. "Najua tu kwamba maziwa hayapendi kila mkono."

Nilihisi kama nimepigwa kofi. Niliwaomba wanipe muda, nikaenda nyuma ya nyumba nikalia, halafu, mjinga mimi, nikaanza kumtetea moyoni. Nikasema mama ana uchungu wa mbegu ya mama yake. Nikasema uzee. Nikasema hakumaanisha. Nilimpikia chakula cha mchana siku hiyo na nyama nikamwekea laini laini, kwa sababu ya meno yake.

Mwalimu wangu wa zamani chuoni alinigawia chujio, kidude kidogo kinachopitisha maji lakini bakteria hawapiti. Nikachota maji ya juu ya pipa lililoharibika, nikayapitisha pale, yakatoka safi, hayana bakteria hata mmoja. Nikatia matone machache kwenye mbegu yetu changa niliyokuwa nimeigandisha kwenye friji ladha ilipoanza kubadilika, kabla mambo hayajaharibika kabisa. Chupa nyingine ya mbegu ileile sikuitia kitu. Jioni, ile isiyotiwa kitu iliganda. Ile ya matone ilikuwa maji.

Kwa hiyo kulikuwa na kitu kidogo kuliko bakteria, na kinaua bakteria. Ni virusi. Watu hudhani virusi ni vya kuwasumbua binadamu na kuku tu. Bakteria nao wana vyao. Kirusi kinatua juu ya bakteria, kinamdunga urithi wake, na yule bakteria anaanza kutengeneza virusi badala ya kujitunza, mpaka anapasuka na virusi vinatoka kwa wingi kutafuta wengine. Kwenye pipa la maziwa wanaweza kumalizika wote kabla ya chakula cha mchana.

Lakini hapo ndipo nilipokwama. Mbegu ya kibuyu ilikuwa imeishi na virusi hivyo miaka na miaka. Vimo kwenye sakafu, kwenye ndoo, kwenye maziwa yenyewe. Bakteria wa kibuyu walikuwa wamejifunza kujikinga. Wengine wana mkasi wa kukata urithi wowote wa kigeni unaoingia. Wengine, wakinusurika, hukata kipande cha urithi wa adui wakakihifadhi ndani ya urithi wao wenyewe, na watoto wao huzaliwa wakimjua yule adui kabla hawajakutana naye. Na wapo wanaofanya jambo ambalo hunisisimua kila nikilifikiria: bakteria akiona ameshaingiliwa na hawezi kupona, anajiua mapema, kirusi kifie ndani yake, jirani zake wapone. Tena wamo wa aina nyingi. Kirusi kinachoua huyu hakimwezi yule, na kazi inaendelea. Mbegu kama hiyo haiwezi kuangushwa yote kwa siku chache. Haiwezekani!

Nilimwomba mume wangu ufunguo wa maabara ya shule yao. Tulienda Jumamosi. Nilipaka tone la mbegu ile ya friji kwenye kioo, nikatia rangi, nikainamia hadubini. Jua lilikuwa hafifu kwa mawingu, kwa hiyo yeye akashika tochi kwenye kioo cha chini ili nione.

"Unaona nini?" akauliza.

Nilichoona ni minyororo ya mviringo, na minyororo ya mviringo, na minyororo ya mviringo. Hakukuwa na vijiti wala chachu. Ukoo mmoja peke yake, wote wanafanana.

"Hii siyo mbegu yetu," nikasema. "Mtu ameibadilisha. Hii ni ya pakiti."

"Labda umechoka macho," akasema. Tochi haikutikisika hata kidogo.

Mambo yakanyooka kichwani. Mbegu ya unga imetoka kiwandani, mahali safi, haijui virusi vya Sosiot. Ikafanya kazi majuma machache, virusi vikaipata, na kwa kuwa wote ni ukoo mmoja wakafa kwa pamoja. Kilichobaki ni kujua nani aliibadilisha. Funguo ni mbili. Niliwaza wezi, nikawaza dirisha, nikawaza kila kitu isipokuwa kile kilichokuwa mbele yangu. Siku hizo nilikuwa nimeona kile kibuyu kikuu hakipo ukutani, nikamuuliza mama, akasema kimepata ufa amekipeleka kushonwa. Nikamwamini.

Aliyenifungua macho ni mteja. Alikuja kununua, nikamwambia leo hatuna, akasema si kitu, atapitia Kaplong. "Siku hizi mala ya pale hospitalini ni kama yenu ya zamani." Alisema tu, akaenda zake. Sikumaliza hata kufunga mlango vizuri. Nilipanda boda mpaka barabara kuu, nikaenda.

Wifi alinikumbatia kwa furaha. Alikuwa amenenepa kidogo, na watoto wana viatu. Kibuyu kilikuwa jikoni kwake, kimeegemea ukuta, hakina ufa wowote. Alinimiminia kikombe. Sikuhitaji hadubini. Ile harufu ikapanda puani, nikaweka kikombe chini.

"Nani alikupa?" nikauliza.

"Si wewe?" akashangaa. "Mama alisema umechoka na mambo ya vibuyu, unaona ni uchafu, unataka ile ya kisayansi. Akasema umekubali yote ije kwangu. Nilitaka kukupigia simu nikushukuru, mama akaniambia nisikusumbue. Kwani hukujua? Na kaka ndiye aliyeleta! Alikuja na pikipiki, kibuyu amekifunga kwa sweta yako ile ya kijani."

Niliiona ile sweta. Ilikuwa kwenye kamba, imefuliwa vizuri, imeanikwa.

Sikumgombeza wifi. Hakuwa na kosa. Nilimweleza, naye akalia, akanijazia chupa bila kuulizwa mara mbili, akasema nichukue sweta yangu. Nilimwambia abaki nayo. Nilirudi na chupa kifuani. Kikombe kimoja kingetosha kutia mbegu Kericho yote na Bomet, hiyo ndiyo iliyonichoma zaidi. Hakuna aliyehitaji kunyang'anywa. Nilikuwa nimemwambia mama hivyo, kwa kinywa changu, naye akacheka.

Mume wangu nilimkuta shambani kwetu, kwenye majani chai, anachuma, kikapu mgongoni. Nilisimama mstari wa pili, vichaka kati yetu, nikamuuliza kama ni kweli. Aliendelea kuchuma kidogo. Kisha akaacha.

"Mama ndiye alisema. Sasa mimi ningefanya nini?"

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ningekupa kikombe umpelekee! Ningekupa ndoo!"

"Nilidhani hutajua tofauti," akasema. "Si ni maziwa tu?"

"Na siku ile ya hadubini? Uliposhika tochi?"

 Aliinama akachuma majani mawili na kichipukizi, akayatia kikapuni, akachuma mengine. Nilimtukana kwa Kigusii, maneno ambayo hayaelewi, na namshukuru Mungu kwamba hayaelewi.

Mama nilimkuta anapasua kuni. Hakukana. Hilo nampa. Aliweka shoka chini akaketi juu ya gogo.

"Yule ni damu yangu," akasema. "Hana mume. Wewe una mume, una cheti, una watu wa kikundi. Ungejifunza ile nyingine."

"Ulikaa ukasema maziwa hayapendi mkono wangu."

"Ningesema nini? Niseme nimeiba?"

"Mama, ulinikanda mwili nilipojifungua."

Alianza kulia, na mimi nikaanza kulia, na kwa muda kidogo tulikuwa wanawake wawili wanaolia karibu na kuni. Kisha akafuta macho kwa leso na kuniomba nisilipeleke kikundini. Watamcheka, alisema, mzee kama yeye. Nilimwambia sitaahidi kitu. Akanitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama, kama unavyomtazama mtu aliyekuja kununua ng'ombe.

Mbegu ya kibuyu ilichukua siku chache tu kuamka. Nilisugua mitungi kwa maji ya moto, nikatia, nikangoja. Maziwa yakaganda mazito, virusi vikiwa vimo humohumo, vimeshindwa. Mwenyekiti alionja akapiga kigelegele. Akaita wanawake wote, akaita na mume wangu aje kufungua kwa maombi, maana ni mzee wa kanisa. Tuliketi uani kwa kikundi, jua limewaka, kila mtu na kikombe chake.

"Mkono umepona!" mwenyekiti akasema, watu wakacheka, wakapiga makofi.

Mama akainuka. Aliinua kikombe chake akasema, kwa sauti ya upole, "Amejifunza. Nilimwombea. Mtoto wa watu akija kwako, humtupi, unamfundisha."

Wakampigia makofi yeye.

Hapo sikuweza. Labda mwingine angeweza. Nilisimama nikasema yote, kuanzia ufunguo mpaka Kaplong. Nilisema sikuhitaji kufundishwa, nilihitaji kuachiwa mbegu niliyopewa kutunza. Nilisema mkono wangu haujawahi kuwa mgonjwa. Sauti yangu ilikuwa juu, najua, na nilisikia lafudhi yangu ya nyumbani ikirudi, kila neno likitoka kama la mgeni.

 Mwenyekiti akamtazama mama. Mama akaketi taratibu.

"Mimi ni mzee," akasema. "Pengine nasahau. Muulizeni mwanangu. Yeye ni mwalimu, ni mtu wa kanisa."

Mwenyekiti akageuka. Alikuwa mwanamke wa haki, na nilimwona akitaka jibu la kweli.

"Mwalimu. Ulipeleka mbegu Kaplong?"

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, suruali imepigwa pasi, Biblia magotini. Mama yake alikuwa upande mmoja na mimi upande mwingine. Nilimtazama. Nilikuwa na hakika. Hata baada ya tochi, hata baada ya ile siku ya majani chai, nilikuwa na hakika kwamba mbele ya watu, akiulizwa hivi, atasema.

"Hapana," akasema. "Sijapeleka kitu."

Simu ilikuwa mkononi mwangu. Ningempigia wifi, naye angesema kweli, na uani wote ungesikia. Lakini mtu anampigia nani simu, mume wake akishamkana?

Niliketi. Mwenyekiti akakohoa, akasema basi tunywe kabla haijapata joto. Wanawake wakanywa, wakasifu uzito, wakasifu harufu. Mume wangu naye akapokea kikombe, akanywa mpaka chini, akafuta mdomo, akaniomba nimwongezee.